Televisheni Iliyonikata Pembeni

Wenye bunduki walipopita kijijini kwetu Kashebere waliiba skrini ya kompyuta yetu wakidhani wameiba televisheni. Televisheni yenyewe waliibeba hadi mlangoni, uzito ukawashinda, wakaiacha kizingitini imelala kifudifudi. Ilikuwa ya zamani, yenye mgongo mrefu, na kuihamisha kulitaka watu wawili wanaoelewana. Skrini ilikuwa nyembamba na nyepesi, kijana mmoja angeweza kuiweka kwapani na kukimbia nayo. Sanduku la kompyuta, lile ambalo ndani yake ndimo kila kitu kilimokaa, walilifanya kiti. Niliporudi kutoka msituni nilikojificha nililikuta jikoni karibu na mafiga, upande mmoja umejaa masizi, na mifupa ya kuku wangu imetapakaa chini yake.

Sitasema walikuwa wa kundi gani. Miaka ile makundi yalikuwa mengi, na kila moja lilituambia limekuja kutulinda dhidi ya lile lililotangulia. Nilifuta masizi kwa kitambaa, nikalirudisha sanduku kwenye kona yake chumbani. Sikuwa na matumaini nalo. Kompyuta bila skrini ni kama mtu anayesema ukiwa umezibwa masikio: huenda anasema, lakini utajuaje?

Mume wangu hakuyaona hayo. Alikuwa amekwisha kuzikwa.

Alitoka upande wa Butembo, kwenye familia ya wafanyabiashara Wakatoliki, watu wa duka na lori. Alifika Kashebere na chumvi, sabuni, betri za tochi na turubai, kwa sababu njia ya Walikale ilikuwa imejaa watu wanaokwenda Bisie kuchimba kasiterite, yale mawe ya bati, na anayeingia msitu ule hununua kila anachoweza kubeba kabla hajaingia. Mimi ni mtoto wa Kibabi, wazazi wangu walilima maharagwe na mihogo kwenye mlima uleule walioulima babu zao. Nilikuwa nimesomea ukarani na kompyuta Goma mpaka vita vikanirudisha nyumbani. Tulikutana kwa sababu alihitaji mtu wa kumwandikia barua za forodha. Baada ya miezi kadhaa barua ziliisha, lakini yeye aliendelea kuja.

Mahari aliileta kaka yake mkubwa kwa niaba ya ukoo. Mama yao hakuweza kufika. Njia ilikuwa imefungwa, ikafunguka, ikafungwa tena, na mguu wake ulikuwa unavimba. Kwa hiyo niliolewa na mama mkwe asiyenijua uso. Jambo hilo lilimsumbua sana mume wangu. Alinunua kamera ndogo iliyotumika, na siku moja, nikiwa na mimba ya binti yetu, akamkabidhi mteja mmoja kamera ile, akamwambia abonyeze na asitikisike. Alisimama mbele ya duka akamsalimu mama yake. Alimwonyesha mizani, magunia ya chumvi, mlango mpya wa bati. Mwisho akanivuta karibu naye. Picha hiyo ya video akaiweka kwenye kompyuta, akasema njia ikitulia ataichoma kwenye sahani ya CD na kuituma Butembo. Njia haikutulia.

Aliuawa kwenye kizuizi cha barabara, upande wa Walikale. Wenzake walimrudisha kwenye pikipiki, amefungwa kwa kamba mgongoni mwa dereva kama mtu aliyelala. Binti yetu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa. Tulizika siku ileile, maana watu walisema barabara inanuka vita. Habari zilifika Butembo kwa simu, na mama yake akaililia simu.

Alifika baada ya msimu mzima wa mvua kupita, kwa lori, kupitia Goma, pamoja na yule kaka mkubwa, kumaliza matanga. Nilitarajia mwanamke mkali. Aliyeshuka alikuwa mwembamba, amejifunga kitenge cheusi, anaegemea fimbo, na alinishika mashavu kwa mikono miwili akaniangalia muda mrefu.

"Njo wewe," alisema, yaani ndiye wewe.

"Njo mimi, Mama."

"Ulimuosha?"

"Nilimuosha."

"Uso yake ilikuwa nzima?"

Nikamwambia ilikuwa nzima. Hilo lilikuwa kweli.

Siku ya pili kaka mkubwa alianza kuzunguka nyumba. Hakuuliza chochote. Aligusa tu. Aligusa mizani, akagusa jenereta, akapiga bati la mlango kwa kiganja kama mtu anayepima tikiti maji. Nilikuwa nimezaliwa na kukulia huku, nilijua maana ya kugusa kule. Mjane wa siku zetu hurithi mtoto na sufuria, na kama hana bahati hata mtoto hugombaniwa. Alipofika kwenye kona ya chumba akalisukuma lile sanduku kwa ncha ya kiatu.

"Hii iko nini?"

"Kompyuta ya marehemu."

"Ekra iko wapi?"

"Skrini waliiba."

Aliliinua kidogo, akalipima uzito, akalitua. "Basi hii ilishakufaka. Baki nayo."

Nikamshukuru. Mpaka leo nakumbuka kwamba nilimshukuru.

Mama mkwe, aliyekuwa akilala na mimi na mtoto chumba kimoja, alikuwa amekaa kitandani. Alisubiri mwanawe atoke, kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba kitu kinachomtafuna si kifo. Kifo amekizoea, amezika mume na mabinti. Kinachomtafuna ni kwamba mwana huyu hakumuona tena. Aliondoka Butembo kijana mwenye ndevu chache, na sasa anaonyeshwa udongo. "Wananiambia njo yeye," alisema. "Mimi naona udongo tu."

Nikamwambia mwanawe yumo ndani ya sanduku lile, na anamsalimu.

Alilitazama kwa hofu. "Mu ile chuma?"

"Picha yake, Mama. Na sauti yake. Skrini tu njo haiko."

"Na ile tele?"

Sikuwa nimefikiria televisheni. Kwa kweli, tangu mazishi sikuwa nimefikiria kitu chochote kwa utaratibu. Lakini kompyuta ile, nyuma yake, kando ya tundu la skrini, ilikuwa na tundu jingine dogo la duara, la njano. Mume wangu alipoinunua Goma alipewa na waya wake, njano pia, wa kuipeleka picha kwenye televisheni. Hatukuwahi kuutumia. Nilipekua makopo yote ya siagi aliyohifadhia misumari na betri zilizokwisha, nikaupata umejikunja chini kabisa.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Kaka mkubwa alikuwa amekwenda kuongea na dereva wa lori. Niliwasha jenereta, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaunganisha waya wa njano huku na huku. Televisheni ilionyesha chenga tupu. Mama mkwe akainama mbele, akidhani ndiye mwanawe amefika. Nikabadili njia ya televisheni mpaka ile ya kupokea waya, chenga zikatoweka, skrini ikawa ya buluu. Hapo ndipo nikawasha kompyuta.

Herufi nyeupe zikapanda kwenye kioo. Zilikuwa zinatetemeka, lakini zilisomeka, zile za mwanzo kabisa ambazo mashine hujisemea yenyewe kabla haijaamka. Kisha ikaamka, na kioo kikawa giza.

Nikangoja. Feni ya sanduku ilikuwa inazunguka. Ndani ya giza lile nilisikia mlio mfupi wa mashine wa kukaribisha, ule alioupenda mume wangu, ukitoka kwenye spika yake ndogo. Mashine ilikuwa hai, imefika mwisho wa safari yake, inangoja amri. Mimi ndiye niliyekuwa kipofu.

"Amekataa?" mama mkwe akauliza.

"Hajakataa. Anaongea na ekra yenye waliiba."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mashine ilikuwa imezoeshwa kupeleka picha kwenye skrini nyembamba, kwa ukubwa ambao televisheni ile haikuweza kuumeza. Ili kuiambia ibadilike ilinipasa kuona, na ili nione ilipasa iwe imekwisha kubadilika. Nilikaa sakafuni nikaona uchungu wa mambo yote umejikusanya pale. Walikula kuku wangu, wakakalia sanduku langu, na walichobeba ni kitu ambacho peke yake hakina faida hata kwao. Nilimfikiria yule kijana aliyekibeba, huko msituni, anageuzageuza kioo chenye giza akitafuta mahali pa kuchomeka antena.

Mtoto akaanza kulia. Mama mkwe akamfungua mgongoni mwangu, akampakata. Mgongo ukawa mwepesi, nikairudia mashine.

Mwalimu wetu wa Goma alikuwa ametufundisha kwamba mashine ikiwashwa, kabla haijaamka sawasawa, kuna kitufe kimoja cha juu ukikigonga inakuuliza unataka iamke vipi. Nikazima, nikawasha, nikagonga kitufe kile bila kupumzika, kama mtu anayebisha mlango wa zahanati. Orodha ikatokea kwa Kifaransa. Nikashuka kwa mshale mpaka mahali pa kuamka kwa picha ya udogo wa mwisho, ule ambao kila kioo duniani kinauweza. Nikathibitisha. Giza kidogo. Kisha sura ya mwanzo ya kompyuta ya mume wangu ikajitokeza kwenye televisheni, kubwa, imevimba, alama zake zimesongamana kama ng'ombe kwenye zizi dogo, na haina rangi hata kidogo. Nyeupe, nyeusi, na kijivu kinachotetemeka.

Niliifungua ile picha ya video.

Alikuwa mbele ya duka. Alikuwa anacheka kwa sababu yule mteja alikuwa ameishika kamera juu chini, na sauti yake ilikuwa inamwelekeza: geuza, geuza tena, hapo. Mama mkwe alinyanyuka na mtoto mkononi, akakaribia mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Nilisimamisha picha ili atazame. Alitazama. Nilingoja alie, lakini alirudi nyuma na uso umekunjamana.

"Hana rangi," alisema. "Iko kama mufu. Kama vile walimutoa mu kaburi."

Nilikuwa nimeizoea picha ile na rangi zake, kwa hiyo macho yangu yalikuwa yanamjazia. Ya mama mkwe hayakuwa na cha kujazia. Alikuwa ameletewa maiti aliyoikosa.

"Ngoja, Mama. Nitamurudishia rangi."

Nilijua tatizo ni lugha. Televisheni hazipokei rangi kwa namna moja duniani kote. Nchi hii ina namna yake, ile ina yake, na mashine ikituma kwa namna ambayo kioo hakiielewi, rangi hupotea na kijivu hubaki. Nilifungua mahali pa mipangilio ya picha, nikapekua kurasa, nikafika kwenye upande wa televisheni. Palikuwa na orodha ya nchi. Chagua nchi yako, ikasema.

Nilishuka na mshale. Yetu haikuwamo. Nikapanda tena taratibu, nikidhani nimeiruka, nikatafuta kwa jina jipya na kwa jina la zamani. Zilikuwamo nchi za visiwa ambavyo sijawahi kuvisikia. Kwenye ubao wa umeme ulio ndani ya sanduku, fundi mmoja alikuwa ameniambia, kuna kijipande cha bati, na madini yetu ya Bisie yanakwenda kutengeneza vitu vya namna ile. Mume wangu alikufa kwenye njia ya madini hayo. Lakini kwenye orodha ya wenye televisheni hatukuwamo. Nikachagua Ubelgiji, iliyotutawala zamani.

Rangi ikaja. Mlango wa bati ukawa wa buluu, vumbi la barabara likawa jekundu, na shati la mume wangu likawa kijani kama alivyolivaa. Ngozi yake ikapata joto. Mama mkwe akasema "Aa," taratibu, kama mtu anayewekwa maji kwenye kidonda.

"Iko nasema nini? Ongeza."

Nikaongeza. Akawa anasema: "Mama, jambo. Mama, ona duka. Mizani njo hii, chumvi njo hii. Mguu yako inaendelea aje?" Mama mkwe akamjibu. Alimwambia mguu unaendelea, kwamba waganga wamempa dawa ya kupaka, kwamba alisali sana. Alikuwa anamjibu kwa utulivu, akinyamaza pale anapoongea, akisema pale anaponyamaza, na mimi nikageuka upande wa ukuta.

Kisha nikasikia ile sehemu niliyoijua. "Mama, na sasa ona muke wangu. Njo huyu. Ona namna iko muzuri."

Nikageuka. Kwenye kioo alikuwa amenyoosha mkono kuelekea kushoto, anamvuta mtu, anacheka, anamtazama mtu huyo. Mtu hakuwapo. Televisheni ilikuwa inakula kingo za picha, kama televisheni za aina ile zilivyofanya, na mimi nilikuwa nimesimama ukingoni. Kilichoonekana ni vidole vyangu kwenye bega lake, na kipande cha kitenge.

"Muke iko wapi?" mama mkwe akauliza.

"Ni mimi, Mama. Niko pale pembeni. Tele imenikata."

"Sikuoni."

"Naweza kuivuta picha, iwe ndogo, nitaonekana. Ni kubonyeza mishale tu."

Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono. Kaka mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Sikumsikia akiingia kwa sababu ya jenereta, na sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Macho yake yalikuwa mekundu, nami nilimwonea huruma, maana hata yeye alikuwa amempoteza mdogo wake.

"Usiguse tena," alisema. "Utaiharibu. Iko bien hivyo."

"Ni kidogo tu, Kaka. Siko naonekana."

"Tunakuona hapa. Irudishe mwanzo, Mama aone tena."

Nikairudisha mwanzo. Waliitazama mpaka mafuta ya jenereta yakaisha, na kila mara mume wangu alimwonyesha mama yake mwanamke asiyekuwapo.

Asubuhi lori lilipakiwa. Mizani, magunia, jenereta, mlango wa bati uliong'olewa na bawaba zake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo. Kisha nikaona vijana wawili wanatoka na televisheni, na nyuma yao kaka mkubwa na sanduku la kompyuta amelikumbatia, waya wa njano unaning'inia.

"Kaka, hiyo ulisema nibaki nayo."

"Nilisema mashini yenye kufa. Hii iko muzima."

"Njo mimi nimeifufua."

"Ndiyo. Merci sana."

Hakuwa anakejeli. Alikuwa anashukuru, kwa heshima, kama nilivyomshukuru mimi. Nilikwenda kwa mama mkwe. Alikuwa amekwisha kukaa mbele, karibu na dereva, fimbo katikati ya magoti. Nilimwambia kwamba sauti ya baba wa mtoto huyu haipo mahali pengine popote. Kwamba mtoto hatamjua. Kwamba wangoje walau nipate sahani ya kuinakili, yuko mtu Masisi anayeuza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mwenye adabu.

"Mwanangu," alisema, "wewe ulilala naye. Ulimupikia, ulimuosha, ulimufunika. Mimi niko na nini?"

Nilichokuwa nacho mimi ni hasira, na hasira haikuwa na mahali pa kukaa, maana alichosema kilikuwa haki na nilichosema mimi kilikuwa haki, na lori lilikuwa lake. Akanyoosha mkono dirishani akamgusa mtoto kichwani. Wakaondoka.

Nilirudi Kibabi kwa wazazi wangu. Pale hapakuwa na mtandao wa simu isipokuwa juu ya kilima, na kila nilipopanda nilimpigia. Miezi ya mwanzo aliniambia anamuona kila Jumapili. Nilimwelekeza kwa simu namna ya kuivuta picha kwa mishale, ili na mimi nionekane, lakini alisema wajukuu wanaomwashia hawataki kujaribu, wanaogopa isije ikawa giza. Baadaye akawa anasema hajamuona wiki hii, mashine iko dukani inafanya kazi. Kisha siku moja alipokea mtu mwingine, akampelekea simu, na sauti yake ilikuwa chini sana.

Kaka mkubwa alikuwa amenunua skrini mpya. Fundi aliyekuja kuifunga alisema mashine ni nzito, imejaa takataka, akaisafisha yote na kuiweka upya. Sasa inakwenda haraka. Hakuna aliyemwambia fundi asifanye hivyo, kwa sababu aliyejua kilichomo alikuwa mama mzee aliyelala chumba cha nyuma na mguu wake.

"Walimufuta," alisema. "Sasa tuko sawa, mimi na wewe."

Sikujua kama alikuwa ananifariji au ananiomba radhi. Salio likaisha, simu ikakatika. Alikufa kabla ya mavuno yaliyofuata, na safari hiyo mimi ndiye niliyeshindwa kufika, kwa sababu njia ilikuwa imefungwa.

Binti yangu aliponiuliza baba yake alikuwaje, nilimweleza urefu wake, kicheko chake, namna alivyopima chumvi na kuongeza kijiko cha juu. Sura yake ninayo bado. Sauti ndiyo iliyotangulia kuondoka. Najua maneno yote aliyoyasema mbele ya duka, na nikiyasema nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe.

Vita vilipanda mpaka Kibabi mwaka mwingine, maharagwe yakiwa yameanza kukauka mashambani. Tulitoka alfajiri na majirani, tukishuka upande wa bondeni ambako milio ilikuwa bado haijafika. Baba alitangulia na mbuzi. Mimi nilibeba sufuria na mbegu, na binti yangu, ambaye sasa alitembea kwa miguu yake mwenyewe, alishika pindo la kitenge changu akaniuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia atazame anapokanyaga.